Maswali na majibu: Nyama niliyoipiga moshi imeoza siku ya tatu

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mkazi wa Kahama. Nimetengeneza pipa la kupigia nyama moshi hapa nyumbani: chini mkaa, juu ya mkaa natia maranda ninayopewa na fundi seremala jirani, juu kabisa wavu. Wiki iliyopita niliweka kilo 5 za nyama ya ng'ombe, mapande makubwa, mengine yana mfupa. Nikayapiga moshi kwa muda wa saa 3. Yalitoka na rangi nzuri ya kahawia inayong'aa, na nilipopima nikapata kilo 3.9, kwa hiyo sikupoteza uzito sana. Nikayatundika jikoni. Siku ya tatu yakaanza kuteleza, na karibu na mfupa yananuka. Hata yale yasiyonuka ni machungu. Mwenzangu kwenye kikundi chetu cha biashara anasema saa 3 ni chache, niende saa 8, na niongeze chumvi ya pinki kijiko kimoja kwa kila kilo. Nia yangu ni kufunga nyama kwa mashine ya kuondoa hewa na kuituma Dar es Salaam kwa basi. Je, nyama ipigwe moshi saa ngapi ili ikae mwezi bila friji? Mti gani hauleti uchungu? Na mapande yaliyobaki naweza kuyachemsha na kuyarudisha kwenye pipa?

JIBU: Siku ikipita bila mtu kuniuliza "saa ngapi za moshi", huwa najua simu yangu imezima. Swali hili linakuja kwa sura nyingi. Leo la mwenye kuku, kesho la mwenye sato, keshokutwa la mwenye kitimoto. Ndani yake mna imani ileile: kwamba moshi ni dawa, na nyama ikioza basi dozi ilikuwa ndogo. Mwenzako wa kikundi amekuandikia dozi ya saa 8. Angeandika 20 nisingeshangaa, maana hajui ugonjwa anaoutibu.

Chukua kalamu. Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta mengi ni maji karibu robo tatu. Kilo zako 5 ziliingia kwenye pipa zikiwa na maji kama kilo 3.75. Zilitoka kilo 3.9, yaani ilitoka kilo 1.1, karibu yote maji. Ndani ya kilo 3.9 ulizotundika jikoni mlibaki kilo 2.65 za maji, ambayo ni asilimia 68. (Mfupa nimeuacha nje ya hesabu, na mafuta yaliyodondoka vilevile, ukiviingiza, habari haibadiliki.) Kwa hiyo ulichotundika ni nyama mbichi iliyovaa koti. Ulifurahi kwamba uzito haukupungua sana, kumbe uzito huohuo ndio uliooza.

Moshi una kazi yake, sikatai. Una fenoli, una asidi, una formaldehaidi kidogo, na vitu hivyo hunata juu ya nyama. Huzuia ukungu usiote upesi na huchelewesha mafuta ya juu yasichache. Lakini vinaishia hapohapo juu, milimita chache tu. Kwenye kiini cha pande la nusu kilo, pale nyama inapogusana na mfupa, moshi haujawahi kufika na hautafika hata ukikesha nao. Kilichofika pale ni uvuguvugu. Saa 3 za pipa lisilopimwa joto zinatosha kabisa kuiweka nyama ya ndani kati ya nyuzi joto 5 na 60, na huko ndiko bakteria wanakozaliana wakiwa wamestarehe. Umewapa joto, umewapa maji, na kwa nje umewajengea ukuta.

Huo ukuta nao una habari yake, maana ndio uliokudanganya. Ukianza na moto mkali, nyama ya juu hukauka haraka ikawa ganda gumu linalong'aa, na maji ya ndani yakakosa pa kutokea. Rangi ikawa ya picha. Mtu anabonyeza kwa kidole, anakuta pagumu, anasema imekauka. Kwa rangi hiyohiyo sokoni wateja wanachagua, na kwa rangi hiyohiyo wauzaji wanajifunza kuwasha moto mkubwa zaidi. Mimi ukiniletea nyama ya moshi siiangalii rangi. Nauliza ilikuwa na uzito gani ilipoingia na uzito gani ilipotoka. Wengi hapo hunyamaza. Wewe angalau ulipima, na kwa hilo nakupongeza kwa dhati, kwa sababu bila namba zako nisingekuwa na cha kukuonyesha.

Sasa fikiria vyakula vya kwetu vinavyokaa muda mrefu. Ng'onda wa pwani: samaki amepasuliwa, ametiwa chumvi, ameanikwa juani. Dagaa wa Ziwa Victoria: jua. Nyirinyiri ya kaskazini mwa Kenya: nyama imekatwa vipande vidogo, imekaushwa, imekaangwa, imezamishwa kwenye mafuta. Huko kusini mwa Afrika kuna biltong: chumvi, siki na upepo. Hakuna moshi hata mmoja hapo, na vyote vinakaa. Sasa nitajie nyama moja iliyokaa mwezi kwa moshi peke yake, bila kukaushwa, bila chumvi, bila baridi. Nimewauliza swali hili watu wanaofundisha "ujasiriamali wa nyama ya moshi" kwa siku moja na cheti juu, na bado nasubiri.

Hapo huwa naletewa bibi. "Bibi yetu alitundika nyama darini juu ya mafiga, ikakaa miezi, na hakuna aliyekufa." Ni kweli, na bibi alikuwa fundi kuliko wewe na mimi. Ila mtazame vizuri alivyofanya. Alikata ukanda mwembamba kama mshipi. Aliutundika juu ya moto uliowaka asubuhi, mchana na jioni, wiki nzima na zaidi, mpaka ukawa mgumu kama ubao. Na siku ya kuula aliuchemsha chunguni muda mrefu hadi ulainike. Kilichokausha ni lile joto dogo la kila siku, moshi ulikuwa mpita njia. Wewe umechukua moshi wa bibi ukaacha wiki zake, wembamba wake na chungu chake.

Kwa hiyo, mwezi bila friji unataka nini? Unataka mizani. Kilo moja ya nyama isiyo na mafuta ina gramu 250 hivi za kitu kikavu. Ili maji yabaki sehemu moja ya tano tu, kilo ile lazima ishuke hadi gramu 310 hivi, na ukihesabu chumvi iliyoingia, isizidi 350. Hapo ndipo pa kuishia, na sitakutajia saa kwa sababu pipa lako si langu na Kahama ya Agosti si Kahama ya Machi. Pima pande moja lilelile kila baada ya muda, andika, endelea mpaka lifike.

Mapande makubwa na mifupa hayafiki huko salama, yaache. Kata vipande virefu kufuata nyuzi za nyama, unene usizidi sentimita 1, na mafuta yote yatoe, maana mafuta hayakauki, yanachacha. Tia chumvi gramu 25 kwa kilo, ilaze kwenye friji usiku mmoja. Asubuhi, kabla ya kukausha, vichovye vipande kwenye maji ya chumvi yanayochemka mpaka ndani vifike nyuzi joto 71. Watu wanairuka hatua hii wakisema pipa litaivisha tu. Haliivishi. Nyama inayokauka inajipoza yenyewe kwa jasho lake, na bakteria aliyekwisha kaukiwa anakuwa sugu. Joto ambalo lingemuua akiwa kwenye unyevu sasa anaweza kulivumilia. Muue kwanza, kausha baadaye. Kisha pipa: nyuzi 55 hadi 60, matundu ya hewa wazi chini na juu, na moshi saa ya kwanza au mbili tu wakati uso wa nyama unanata kidogo, maana hapo ndipo harufu inaposhika. Baada ya hapo ni mkaa uliokwisha kuwa mwekundu, usio na moshi, hadi mizani iseme basi.

Kipimajoto cha sindano nunua. Usipotaka kununua, kaa kwenye nyama ya kula siku ileile: ipige moshi, hakikisha kuku ndani amefika 74 na nyama ya kusaga 71, ule, ulale. Hiyo ni raha tupu na sina ugomvi nayo.

Kuhusu uchungu, jibu liko kwenye maranda ya jirani yako. Seremala huranda paini, ambayo ina utomvu kama lami. Huranda mbao zilizotiwa dawa ya mchwa. Hukata mbao za kubandikwa, zile za unga wa mti na gundi. Yote yanaangukia sakafu moja na yote unayapokea kwenye kiroba kimoja. Mabaki ya nguzo za umeme ndiyo usiyaguse kabisa: nyingi hutiwa dawa yenye shaba, kromu na aseniki, na aseniki haiungui ikaisha, inapanda na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu. Tafuta mpera, mchungwa, mkahawa au mgunga, uliokauka, usio na ukungu. Mkaratusi una mafuta makali, na mti wowote wenye utomvu mweupe, kama mnyaa, ubaki kwenye ua wako ukizuia mbuzi. Usiloweke kuni, kuni iliyolowa haileti moshi mzuri, inaleta mvuke kwanza kisha moshi mzito mweupe, ule unaowasha macho, na huo ndio unaolaza masizi machungu juu ya nyama. Moshi mzuri ni mwembamba, wa kibuluu, karibu hauuoni. Ukiuona unatoka kama wa treni, fungua hewa.

Na usiweke nyama moja kwa moja juu ya mkaa. Mafuta yakidondokea kaa la moto hurudi juu yakiwa yamegeuka kitu kingine, kundi la kemikali ambamo mna benzopairini inayosababisha saratani. Ulaya tangu 2014 hairuhusu zaidi ya mikrogramu 2 za hiyo kwa kilo ya nyama au samaki wa moshi, na samaki wengi wa Afrika wamekwama kwenye kizingiti hicho. Ndiyo sababu FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na wenzao wa Senegal walibuni tanuri la Thiaroye, ambalo lina sinia ya kukinga mafuta yasifike kwenye makaa. Ghana walikuwa na Chorkor kabla ya hapo, tanuri zuri sana la kubana kuni, lakini hilo tatizo halikulimaliza. Wewe huhitaji tanuri la Senegal. Sogeza moto pembeni mwa pipa na weka sinia ya bati chini ya nyama. Pipa lenyewe, kama liliwahi kubeba kemikali au lina rangi ya ndani, tupa. Na lisikae jikoni ukafunga mlango kwa sababu ya mvua. Hewa ya mkaa haina harufu na haimwamshi mtu.

Tuje kwenye kijiko cha pinki, na hapa naomba umsomee mwenzako kwa sauti.

Kuna chumvi mbili za pinki duniani. Moja ni ya mawe, inaitwa ya Himalaya, ni chumvi ya kawaida yenye rangi na bei. Nyingine ni ya viwanda vya soseji: chumvi iliyochanganywa na sodiamu naitraiti, kemikali ya kuhifadhi nyama, na imetiwa rangi makusudi ili mtu asiichanganye na ya mezani. Aina inayotumika zaidi ina naitraiti asilimia 6.25, na kipimo chake ni gramu 2.5 kwa kilo ya nyama, kwa mizani ya gramu. Kijiko cha chai kilichojaa ni mara mbili ya hapo au zaidi. Kibaya kuliko vyote, wapo wanaouza naitraiti tupu, nyeupe, kwenye mfuko wa nailoni usio na maandishi, wakiiita "dawa ya nyama". Kijiko kimoja cha chai cha hiyo kinaua mtu mzima. Damu inashindwa kubeba oksijeni, midomo inageuka bluu, na daktari wa zamu anabaki kukisia mgonjwa alikula nini. Nimekutana na mwalimu wa semina aliyeshindwa kuniambia anayoiuza ni ipi kati ya hizo. Alichojua ni bei yake.

Na hata ukipima sawasawa, naitraiti haifanyi nyama yenye maji asilimia 68 ikae mwezi jikoni. Ile ham, yaani paja la nguruwe, iliyotiwa naitraiti na kupigwa moshi huko dukani unaikuta wapi? Kwenye friji.

Lakini kati ya yote uliyoandika, lililonifanya nijibu barua yako kabla ya nyingine ni ile mashine ya kuondoa hewa. Naiona kila mahali sasa. Mtu ana nyama ya moshi yenye unyevu, anaifunga bila hewa, anabandika lebo yenye picha ya ng'ombe anayecheka, anaipakia kwenye buti la basi. Anaamini ameongeza usalama. Amefukuza bakteria waozeshaji, wale wanaotoa utelezi na harufu, wale waliokuonya wewe siku ya tatu. Amewaachia uwanja wale wasiotaka hewa. Mkubwa wao anaitwa Clostridium botulinum. Anaishi udongoni, mbegu zake huvumilia maji yanayochemka, na akipata unyevu, uvuguvugu na mahali pasipo hewa hutengeneza sumu inayopooza mwili: macho yanaona mbilimbili, ulimi unakuwa mzito, kisha kifua kinakataa kupumua. Na chakula chenyewe mara nyingine hakinuki kitu.

Usidhani natisha. Mwaka 1963 Marekani, samaki wa moshi kutoka Maziwa Makuu ya huko walifungwa kwenye mifuko isiyo na hewa, wakasafirishwa bila baridi hadi Tennessee, na watu wakafa kwa botulizimu, ugonjwa wa sumu hiyohiyo. Moshi walikuwa nao. Mfuko mzuri walikuwa nao. Baridi ndiyo hawakuwa nayo. Na hapa jirani, ripoti ya madaktari ya mwaka 1980 inaeleza watu waliokufa nchini Kenya kwa ugonjwa huohuo baada ya kula kumbikumbi waliokaa siku tatu safarini ndani ya mfuko wa plastiki. Safari ya Kahama hadi Dar si siku tatu, lakini mzigo ukishushwa usiku, mjomba akauchukua keshokutwa, na mama akauweka kabatini mpaka Jumapili, hesabu imefika hapohapo.

Mashine yako si mbaya. Ifungie nyama iliyokwisha fika gramu zile za mizani, kavu ya kuvunjika nyuzi ukiikunja, au ifungie nyama inayokwenda moja kwa moja kwenye friza na kubaki humo. Kilicho katikati ya hapo, kilaini, kitamu, chenye unyevu, usikifunge na usikitume. Anayetaka kuuza kitu cha katikati anahitaji friji toka mwanzo wa safari hadi mwisho, na mtu wa maabara wa kupima maji na chumvi ndani ya bidhaa. Ni gharama, ndiyo. Wanaokwambia kuna njia ya mkato wanakuuzia mashine, unga au semina, na nyama yako hawaili.

Mapande yaliyobaki: usiyachemshe. Wapo bakteria wanaokufa kwa kuchemshwa huku sumu waliyokwisha kuitema ikibaki nzima kwenye mchuzi. Chimba shimo lenye kina ambacho mbwa hatafukua, yafukie yote pamoja na yale yasiyonuka. Wavu nao, kama ni ule wa banda la kuku uliopakwa zinki, usilaze nyama tena juu yake. Chumvi huila ile zinki na wewe huila baada yake. Tafuta wa chuma kisichoshika kutu. Ukianza upya anza na kilo moja, siyo tano, na daftari liwe karibu na mizani.